Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948, na mpaka leo huendeshwa hasa kwa kodi za wananchi. Soko kubwa namna hiyo huwavuta wauzaji wa teknolojia ya afya kutoka kila pembe: wenye programu za kusoma picha za eksirei, wenye vifaa vya kumpima mgonjwa akiwa kwake, wenye mifumo ya kupanga miadi. Nafasi ipo, na vipaji vya vijana wanaobuni vitu hivyo vyastahili sifa. Kinachoudhi ni pupa ya kuuza kabla ya kumjua mnunuzi.

Kwanza, mlango si mmoja. England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina huduma yake. England peke yake iligawanywa mwaka 2022 katika bodi 42 za kuratibu afya, na hospitali nazo zina manunuzi yao. Anayetarajia mkataba mmoja umfungulie nchi nzima anaota mchana.

Pili, wengi hujiegemeza kwenye methali ya chema chajiuza. Kwa mchuuzi wa maembe ni kweli, maana embe huonjwa. Chombo cha tiba hakionjwi kwa roho ya mtu. Ndiyo sababu tangu 2021 NHS nchini England ina vigezo viitwavyo DTAC: usalama wa mgonjwa, ulinzi wa taarifa zake, uimara wa mitambo, uwezo wa kusomana na mifumo mingine, na wepesi wa kutumika. Programu inayohesabiwa kuwa kifaa tiba husajiliwa na MHRA, mamlaka ya Uingereza ya dawa na vifaa tiba, na mtengenezaji wa nje huweka mwakilishi wake Uingereza.

Wapo wanaoyaita hayo urasimu. Wamekosea. Mei 2017 kirusi cha kompyuta kiitwacho WannaCry kilivuruga angalau asasi 80 kati ya 236 za NHS nchini England, na wagonjwa wakakosa miadi yao. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tena, siri ya mgonjwa ni amana, na mcha Mungu hahitaji kufundishwa uzito wa amana. Mpango wa care.data wa kukusanya taarifa za wagonjwa, uliotangazwa 2013, ulifungwa 2016 kwa sababu watu hawakuuamini.

Tatu, siri ya mtungi aijuaye kata. Mpango wa taifa wa kompyuta za NHS ulioanza 2002 ulimeza mabilioni ya pauni, ukavunjwa 2011. Uliamuliwa juu, waganga na wauguzi wakashushiwa tu.

Wala NHS yenyewe isijisifu. Mwaka 2018 hospitali za England zilikutwa na mashine za faksi karibu 9,000, hata serikali ikapiga marufuku kununua nyingine kuanzia Januari 2019. Ni aibu mgonjwa kusimulia maradhi yake upya kila aendapo, kwa kuwa mfumo wa chumba kimoja hausomani na wa chumba cha pili.

Basi muuzaji mwenye busara huanzia wodini: humsikiliza muuguzi, hupima kifaa chake pamoja naye, hukamilisha vigezo, ndipo hutaja bei. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji wa nyumba hii ni mgonjwa.