Kitufe cha kurekebisha kikae pale penye kosa

Vijana wenzetu, na ninyi ndugu mnaofanya kazi na mashirika, leo tunaongea juu ya kitu kidogo: kitufe cha kurekebisha kwenye fomu za mtandaoni. Ni kidogo, lakini kinaweza kumkosesha mtu masomo.

Siku hizi mambo mengi tunajaza kwa simu: ufadhili wa masomo, kozi za kompyuta, maombi ya kazi. Makosa hayakosekani. Fomu inataka majina mawili, na wengi wetu tuna matatu. Fomu moja inaanza na siku ya kuzaliwa, nyingine na mwezi, kwa hiyo tarehe 5 mwezi wa 9 inageuka tarehe 9 mwezi wa 5.

Kukosea ni kawaida. Shida ni kuliona kosa halafu hujui ubonyeze wapi. Fomu nyingi mwishoni zinakuonyesha majibu yako yote, na chini kuna kitufe kimoja tu: "Rudi". Ukirudi unapita ukurasa mmoja mmoja. Mtandao ukikata, unaanza upya, na bando ndiyo hiyo imeisha. Wengine wanachoka, wanatuma na kosa lao. Baadaye jina la kwenye fomu halilingani na la kwenye cheti, na ombi linawekwa pembeni. Mtu anaambiwa hakuwa makini, kumbe alikuwa makini, alikosa tu mlango wa kurudia.

Na hili si jambo gumu kutengeneza. Serikali ya Uingereza, kwenye huduma zake za GOV.UK, ina mtindo wa ukurasa wa kukagua majibu kabla ya kutuma. Kila mstari una neno "badilisha" pembeni yake. Jina limekosewa? Unabonyeza pale pale kwenye jina, unarekebisha, unarudishwa ulipokuwa. Majibu mengine yanabaki salama. Hata Wikipedia ya Kiswahili, ukiifungua kwa kompyuta, neno "hariri" linakaa pembeni ya kichwa cha kila sehemu. Huhitaji kulitafuta juu kabisa ya ukurasa.

Kwa hiyo ninyi mnaotengeneza fomu zetu, tunaomba hivi. Kwanza, kila jibu liwe na kitufe chake karibu. Pili, kiandikwe neno, kwa Kiswahili, siyo kachoro ka kalamu peke yake, maana mama zetu wengine hawajui kale kakalamu kanamaanisha nini. Tatu, kiwe kikubwa cha kutosha kidole gumba, na kikae mbali na "Futa". Simu zetu nyingi zina vioo vilivyopasuka, kidole kinateleza.

Tunajua wengine mtasema: mkiwarahisishia kubadilisha, watu watadanganya. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini mfumo unaweza kutunza historia ya kila badiliko, nini kilibadilishwa na saa ngapi, kama Wikipedia inavyofanya. Na kwa mambo mazito kama tarehe ya kuzaliwa, wekeni pale pale kitufe cha "Omba marekebisho", afisa aangalie kwanza. Ukificha kitufe, mwongo atapata njia nyingine; anayeumia ni yule mwenye kosa la herufi moja.

Halafu hii si huruma tunayoomba. Sera ya UNHCR ya mwaka 2015 juu ya taarifa binafsi inatambua haki ya mtu kuomba taarifa zake zisahihishwe. Sheria ya Kenya na ile ya Uganda, zote za mwaka 2019, nazo zinaitaja haki hiyo. Sasa haki iliyofichwa nyuma ya kurasa saba, mtu wa MB 50 ataifikiaje?

Kabla hamjafungua fomu mpya, iteni vijana watano wa kambini na simu zao wenyewe. Waambieni wajaze, halafu wabadilishe jina. Kaeni kimya, mwangalie vidole vyao vinatafuta wapi. Kitufe kiwekeni hapo.