Mwakilishi wadi amerudi na ripoti: yapi ni kazi yake, yapi si kazi yake

Baada ya kila uchaguzi huja mikutano ya shukrani. Mwakilishi wadi anazunguka sokoni, kanisani, msikitini na kwenye uwanja wa shule ya msingi. Anashukuru kwa kura, kisha anaanza kutaja: barabara hii nitaichonga, zahanati ile nitaifungua, kisima kitachimbwa kabla ya Krismasi. Simu tunazopokea kipindini hufuata mkondo ule ule. Mwezi wa kwanza ni pongezi. Ukifika wa sita ni malalamiko: mbona hajatuletea chochote?

Swali hilo lina jibu, na sehemu kubwa ya jibu iko kwenye kalenda.

Katiba yetu imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mwaka wa fedha wa serikali nao huanza Julai 1. Angalia hapo vizuri, msikilizaji. Mwakilishi anapoapishwa, bajeti ya mwaka huo imeshapangwa na bunge lililotangulia. Mwaka 2022 tulipiga kura Agosti 9, na pesa za mwaka huo wa fedha zilikuwa tayari zimegawanywa na watu waliokuwa wakifunga virago. Mgeni anaweza kurekebisha kidogo kupitia bajeti ya ziada, ikiwa serikali ya kaunti itaileta bungeni. Lakini bajeti ya kwanza atakayoijadili tangu mwanzo ni ile ya Julai inayofuata. Kwa hivyo anayeahidi kisima kabla ya Krismasi ama anazungumzia mradi wa mtangulizi wake, ama pesa za mfukoni mwake, ama hajasoma. Muulize ni lipi kati ya hayo.

Na kazi yenyewe ni ipi? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inasema awe karibu na wananchi, awasikilize kuhusu mambo yanayojadiliwa bungeni, ayafikishe maoni yao huko na ahudhurie vikao. Kifungu hicho hicho kinamkataza kuingilia kazi za utendaji za kaunti au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Kwa lugha ya nyumbani: hajengi barabara. Hana greda. Haajiri nesi. Anachoweza ni kupitisha au kukataa bajeti, kutunga sheria, na kumwita waziri wa kaunti mbele ya kamati aeleze pesa zilienda wapi. Katiba, kifungu cha 195, inaipa kamati nguvu kama za Mahakama Kuu katika kuita mashahidi na kudai stakabadhi. Hiyo si nguvu ndogo, ila haionekani kutoka barabarani.

Hapa na sisi wapiga kura tuna la kujibu. Wazee wengine bado wanamwita kansela, jina la enzi za mabaraza yaliyokwisha ugatuzi ulipoanza 2013, na matarajio yamebaki yale yale: mchango wa matanga, karo, unga. Mwakilishi anayekaa kwenye kamati akiuliza kwa nini dawa hazikununuliwa anaitwa mvivu kwa sababu hakuonekana harambee. Aliyetoa elfu mbili matangani anaitwa mchapakazi. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo inatugharimu kuliko wizi mwingi tunaoulalamikia.

Chukua zahanati. Jengo huandikwa kwenye bajeti ya maendeleo, ambayo sheria ya fedha za umma inataka iwe angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti. Mshahara wa nesi na dawa ziko kwenye matumizi ya kawaida. Ni mistari miwili tofauti, na yote miwili inahitaji mtu wa kuitetea. Mstari wa kwanza unapata wengi, kwa kuwa jengo lina siku ya kukata utepe. Ndiyo maana unaweza kukuta zahanati yenye rangi mpya na kufuli kubwa mlangoni, huku mama mjamzito akipandishwa bodaboda kilomita ishirini. Mwakilishi akija na picha ya jengo, swali zuri ni hili: mhudumu amewekwa kwenye bajeti ya mwaka gani?

Kuhusu basari, tuwe waangalifu. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za upili na vyuo vikuu ni za serikali kuu. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali kuu kabla ya kulipa basari hizo, na jambo hilo likafika mahakamani. Barabara kuu ya lami, kituo cha polisi na ofisi ya chifu pia si vya kaunti. Akikuahidi hivyo, anaahidi ng'ombe wa jirani.

Ukitaka kuhakikisha aliyoyasema, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandikia ofisi ya umma kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa. Kupeleka ombi hakulipiwi, ingawa nakala zinaweza kulipiwa, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kila mtu pia ana haki ya kupeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti, liwe limeandikwa na mtu mmoja au na kijiji kizima.

Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1, na hapo ndipo mradi wa kijiji chako unaingia au unaachwa nje. Makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30. Tangazo la mikutano ya maoni mara nyingi hubandikwa makao makuu ya kaunti, siku chache kabla, mahali ambapo mkulima hapiti. Kwa hiyo mwakilishi akimaliza kushukuru, mwombe kwanza ataje siku na mahali pa mkutano huo, na nambari ya simu ya afisa wake wa wadi.