Sitini na mbili, toa saba

Huku kwetu Mbagala msimu wa mahafali ndo umeingia. Ukisikia spika zinapasuka Jumamosi asubuhi ujue kidato cha nne wanaagwa, na ukiona mtoto wa jirani anakuamkia mara mbili kwa siku ujue anataka mchango.

Wangu mimi hakutaka mchango. Alitaka risala. "Kaka, si wewe unaandika gazetini? Niandikie basi, ukurasa mmoja tu." Nikamwambia kaa hapo, nikaingia ndani kutafuta risala niliyosoma mwenyewe mwaka 2018 ili aige (msinitazame hivyo, hata mimi niliiga ya waliotutangulia). Risala sikuiona. Chini kabisa ya begi nikakutana na shati langu la shule, lile la saini.

Kwa waliosoma shule za geti kali na hawajui: mgeni rasmi akishaondoka, watu mnatoa maka peni mnaandikiana mashatini. Mgongoni, mikononi, mpaka kwapani. Mama yangu alipoliona alikaa chini. Mtihani wa taifa ulikuwa bado mwezi na ushee, na shati lenyewe lilikuwa hilo hilo moja. Mtihani niliufanya na shati la binamu yangu, mikono inaishia kwenye viwiko.

Basi nikalikunjua, nikaanza kusoma watu.

Ubavuni kuna maandishi ya Mama Barafu: "Unadaiwa 350." Siyo utani, lilikuwa deni kweli. Huyu dada alikuwa anauza barafu, ubuyu na karanga chini ya dawati, na daftari lake la madeni lilikuwa nadhifu kuliko la Baiolojia. Ukichelewa kulipa hakugombi, anakutajia jina lako kamili mbele ya demu unayemfukuzia. Sasa ana fremu yake Kariakoo. Nikipita mtaa ule navuka barabara.

Mgongoni, herufi kubwa kama bango la mganga: "JITUME. PUNGUZA KELELE." Huyo ni Mnoko, kiranja wetu mkuu. Orodha yake ya wapiga kelele ilikuwa na madaraja: wapiga kelele, wapiga kelele sana, na walioonywa hawasikii. Siku moja mwalimu alichelewa, sisi wote tukanyamaza makusudi, darasa kimya kama msibani, akakosa wa kuandika. Aliteseka yule bwana! Leo ni mlinzi kwenye mlango wa benki. Nilikwenda juzi nikamchekea, akaniambia, "Vua kofia, mteja."

Profesa yeye aliandika, "Tukutane Muhimbili." Alipata divisheni wani ya pointi saba, na chini ya saba hakuna kitu, na udaktari anausomea kweli. Mimi nilipata foo ya 28, kwa hiyo tukikutana Muhimbili mmoja wetu atakuwa kitandani.

Sasa sikia ya Mzee wa Udhuru. Jamaa huyu alizika bibi kila muhula. Kidato cha pili alizika bibi mzaa baba, wa tatu akazika mzaa mama, halafu akazika mke mdogo wa babu, na mwaka wa mwisho akazika bibi ambaye hata yeye alishindwa kutueleza alitokea upande gani. Kila msiba siku tatu. Mwalimu wa nidhamu alikuwa mtu wa huruma, anampa pole na ruhusa, tena mara moja alichangisha darasa tukatoa mia mia. Ikaja mahafali. Jina la jamaa likaitwa, anapanda jukwaani kuchukua cheti, mara kule nyuma ya turubai ikapigwa vigelegele ambayo sijaisikia tena maishani. Bibi kizee, khanga mpya doti nzima, anakata mauno kuelekea jukwaani, anataka kumtunza mjukuu wake. Nyuma yake bibi mwingine. Wote wazima kabisa! Mwalimu wa nidhamu alisimama na maiki mkononi, akawaamkia, "Shikamooni," akakaa. Hakuongea tena mpaka chakula. Ile mia yangu sijarudishiwa mpaka leo.

Hapo nilikuwa nacheka peke yangu, dogo ananichungulia mlangoni. Nikageuza kola. Kwa ndani, kwa biro ya bluu, mahali ambapo huwezi kupaona ukiwa umevaa, kuna namba tu: 55.

Hii ni ya Kalkuleta, na yeye mahafali hakuwepo.

Kalkuleta alikaa dawati la mbele yangu tangu tulipoingia, Januari 2015. Mtoto wa mama muuza vitumbua. Hesabu kwake ilikuwa kama wewe na mimi kutafuna muwa. Mwalimu anageuka ubaoni kuandika swali, akigeuka kutuangalia mwenzetu kashaweka kalamu chini. Mimi nilikuwa nadesa kwake. Siku moja alikosea makusudi ili aone, nami nikakosea vilevile, kwa mwandiko mzuri zaidi. Alicheka wiki nzima. Yeye ndiye aliyenipa jina la Insha, maana alisema kwangu hata jibu la hesabu lina utangulizi.

Mwaka 2017, kidato cha tatu, asubuhi moja wasichana walipangwa mstari wakapimwa. Akaitwa ofisini, akatoka, akachukua begi. Hakuna aliyeaga mtu. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa, ukikutwa na ujauzito, shule basi. Waraka wa wizara wa kuruhusu waliokatishwa masomo warudi baada ya kujifungua ulikuja Novemba 2021, sisi tumeshamaliza na tumeshasahau hata njia ya kwenda shule. Jamaa aliyehusika alihama mtaa kabla jogoo hajawika. Dawati la Kalkuleta lilikaa tupu siku mbili. Siku ya tatu mtu akaweka begi lake.

Sasa risala. Kila risala ya mahafali nchi hii ina aya moja ambayo haikosi: tulianza tukiwa wangapi, leo tunahitimu wangapi, na waliopungua wameenda wapi. Mimi niliandika vizuri kabisa. Tulianza 62, waliohama 5, utoro 2, ujauzito 1, leo tunahitimu 54. Nikapeleka kwa mwalimu ikaguliwe. Akachukua kalamu nyekundu akakata "ujauzito 1". Akasema mgeni rasmi asije akakwazika, siku yenyewe ni ya furaha. Nami nikasema sawa mwalimu. Mbona nisiseme sawa? Nilikuwa nimeazima tai ya mjomba, mama anakuja, nimefanya mazoezi ya kusoma mbele ya kioo siku tatu. Sikutaka risala apewe mwingine. Nikaisoma bila ule mstari, tena kwa madoido, watu wakapiga makofi.

Jioni tukatoka na mashati yetu machafu kwenda kituoni kupanda daladala. Pale kituoni, ng'ambo ya ukuta wa shule, ndipo anapouzia mama yake vitumbua. Siku ile mama hakuwepo. Alikuwa yeye, mtoto mgongoni kalala, moshi usoni. Wenzangu wakapata ghafla hamu ya kuangalia upande mwingine. Mimi nilichelewa kugeuka.

"We Insha! Umesoma vizuri. Spika zenu tumezisikia mpaka huku. Tai ya nani?"

"Ya mjomba."

"Sitini na mbili, toa watano, toa wawili. Ngapi?"

Nikajifanya natafuta hela mfukoni.

"Hamsini na tano," akasema, anageuza vitumbua wala haniangalii. "Wewe umesema hamsini na nne. Na watu wazima wote wale, na walimu, na mgeni rasmi, wakapiga makofi."

Nikasema kilikatwa. Nikasema mwalimu ndo alikata. Akaitikia, "Ee." Akageuza kingine. Halafu akasema, "Lete hilo shati, au nafasi imeisha?" Akafuta mafuta kwenye khanga, akachukua biro yangu, akanivuta kola kama mama anayemtengeneza mtoto kabla ya kwenda shule, akaandika. Nilinunua vitumbua viwili. Nikamwambia chenji akae nayo, akanirudishia yote, kimoja kimoja, kwa kuhesabu.

Siyo kwamba aliishia pale, usije ukamlilia bure. Aliwahi kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, anasoma tuisheni usiku mtoto akilala. Hesabu alipata B, na ile B ameikasirikia mpaka leo, anadai kuna swali alilijibu sawa. Wamama wa vikoba pale mtaani hawagawani shilingi mpaka yeye apitishe kidole kwenye daftari. Mwanawe yuko shule ya msingi, nasikia anawakosoa walimu.

Nikarudi barazani kwa dogo na shati mkononi. Nikamuuliza, haya, nitajie takwimu za darasa lenu. Akatoa kikaratasi: walioanza, waliohama, watoro, wanaohitimu. Nikajaribu kujumlisha kichwani, mnajua mimi na hesabu, nikashindwa. Nikamuuliza, hao wengine je?

"Kaka, we andika tu sababu nyinginezo."

Nikampa 1,000. Nikamwambia aende kituoni kwa yule dada wa vitumbua, anunue vitano, na hicho kikaratasi amwonyeshe kwanza. Ameondoka saa kumi na moja. Naandika safu hii ni saa mbili kasoro usiku na hajarudi, na vitumbua vyangu najua vimeshapoa.