Zibueni bomba la AC kabla ya kununua rangi
Ndugu mwandishi, makala nzuri, ila pale uliposema ukungu ukisuguliwa kwa jiki na kupigwa rangi basi umekwisha, hapo siafiki hata kidogo. Kwetu Tanga chumba cha mama kilipigwa rangi zaidi ya mara moja na madoa meusi yakarudi palepale, chini ya AC, nyuma ya kabati. Fundi aliyekuja baadaye hakugusa ukuta. Alifungua AC, akavuta bomba la kutolea maji, likatoka tope laini kama uji wa ulezi. Bomba likiziba, maji hujaa kwenye trei yakafurikia ukutani. Tena aliyelifunga mwanzo alilipandisha kidogo kabla halijatoka nje, wakati linatakiwa kuwa na mteremko mwanzo hadi mwisho. Ukuta ulioloa unaweza kuanza kuota ukungu ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo zibueni bomba, kausheni, rangi baadaye. Na dari ya jipsamu iliyolowa ikalegea ikateni muweke mpya, jiki inasafisha juu tu.

Dada msomaji mwenzangu uliyeshauri kuchanganya jiki na siki, nakuomba sana usifanye hivyo: inatoka gesi ya klorini, inachoma mapafu. Mwenye pumu asiwepo chumbani wakati wa kusugua. Na wapangaji, mwenye nyumba mwandikieni mapema, mkimtumia na picha, kabla hajasema unyevu umetokana na nguo mnazoanika ndani.