MALEZI NA ELIMU: Hisabati inapozuia njia ya udaktari



Wapo vijana wetu wa Bukoba na Muleba waliohitimu Stashahada ya Utabibu na sasa wanahudumia wagonjwa katika zahanati na vituo vya afya. Baadhi yao hutamani kuendelea na Shahada ya Udaktari wa Tiba, Bugando au Muhimbili. Hapo hugundua kuwa wastani wa B, au GPA ya 3.0, hautoshi peke yake. Mwombaji mwenye stashahada hutakiwa pia kuwa na angalau D za Kidato cha Nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

Anayekwama hapa mara nyingi hukwama kwenye Hisabati, na sababu yake ni wazi. Kujiunga na stashahada hudai ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kuwa nyongeza tu. Aliyepata F ya Hisabati huingia chuoni bila tabu, kisha F ile ile humzuia miaka mingi baadaye, akiwa na kazi na pengine familia.

Njia ipo. Anaweza kurudia mtihani huo wa NECTA, unaofanyika Novemba, kama mtahiniwa wa kujitegemea, jambo ambalo vijana huliita kurisiti. Alama ya D huanzia 30 katika 100. Kabla ya kulipa ada yoyote, asome mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika, kwani masharti hubadilika.

Kikwazo kikubwa zaidi mara nyingi ni maneno ya nyumbani. Huulizwa: mtu mzima anayetibu watu, aketi tena na watoto? Huambiwa atosheke na kazi aliyonayo. Binti huambiwa umri wa kuolewa unapita. Wazazi wenzangu, hakuna fedheha katika kutafuta elimu ukubwani; fedheha ni kumcheka anayeitafuta.

Ibn Sina, tabibu mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika wasifu wake kuwa alisoma kitabu cha Metafizikia cha Aristotle mara 40, hata akakihifadhi, asikielewe. Kisha akanunua kwa wauza vitabu, kwa dirham 3, maelezo ya al-Farabi juu ya kitabu hicho. Alipoyasoma, maana ikamfungukia, na kesho yake akatoa sadaka kwa masikini kumshukuru Allah. Bidii alikuwa nayo tangu mwanzo. Alichokosa ni mfafanuzi.

Basi anayerudia Hisabati asianze kwa kukariri mitihani iliyopita. Amtafute mwalimu ampime ajue alipoachia njia. Huenda ni sehemu na aljebra za Kidato cha Kwanza na cha Pili. Aanzie hapo, kisha afanye mitihani iliyopita, mwalimu asahihishe.

Nasi tumsaidie kwa vitendo. Akitoka zamu ya usiku, asisubiriwe na kazi za kibanja. Mume amshikie mkewe watoto kwa saa mbili za kujisomea. Walimu wa Hisabati walio katika jamaa zetu wanaweza kutoa saa moja Jumamosi katika jengo la madrasa. Hiyo nayo ni sadaka.

Na wenye watoto walio sekondari leo, wasikubali kauli kwamba "Hisabati si lazima kwa utabibu". Ni rahisi kuitafuta D hiyo sasa kuliko baada ya miaka kumi ya kazi.

Katika Suratu Twaha, Mtume (S.A.W.) aliamrishwa kumwomba Mola wake amzidishie elimu. Tuwafundishe watoto wetu dua hiyo, na wanapoinuka kuitafuta elimu wanayoiomba, tusiwe sisi wa kuwakatisha tamaa.

Wabillahi tawfiq.