WAYA WA GEMU UONDOKE SEBULENI (uzi wa posti 9)

1/9
Kina mama na kina baba vijana wa Kibaha na Kisarawe, leo naongelea gemu. Najua mmenizoea kwa chanjo, kadi ya kliniki na uji wa lishe. Leo ni gemu, tena zile za kupigana: Tekken, Street Fighter, Mortal Kombat. Na ndani ya gemu naongelea kifaa kimoja ambacho vijana wengi wanakitamani: fimbo ya gemu.

Kwa asiyeijua, ni boksi unalipakata mapajani. Kushoto lina mkono wa kushika kama gia ya gari, kulia lina vitufe vikubwa vya duara. Zipo za waya na zipo zisizo na waya, wayalesi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msije mkasema nesi anazunguka. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, kama mtu anataka fimbo, anunue isiyo na waya. Na akifika dukani aulize betri kwanza, kabla ya rangi na kabla ya taa zinazowaka. Wanaobisha wako pande mbili, kina baba na kina mama. Nitawajibu wote.

2/9
Naanza na kina baba. Hoja yenu naijua: "Wayalesi inachelewa, wachezaji wa kweli wanatumia waya."

Haya, tupige hesabu. Gemu hizi za kupigana kwa kawaida zinaonyesha picha 60 kwa sekunde moja. Picha moja inakaa kama sehemu 17 za sekunde iliyogawanywa mara 1000. Fimbo nzuri isiyo na waya, ile inayokuja na kipokezi chake kidogo cha kuchomeka kwenye mashine, inachelewa chini ya picha moja. Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewa zaidi na inabadilikabadilika, hapo mko sahihi. Kwa hiyo chagua yenye kipokezi chake.

Halafu niwaulize: hiyo TV yako umeshaingia kwenye mipangilio ukaiweka kwenye hali ya gemu? TV nyingi zikiachwa kwenye hali ya kawaida zinachelewesha picha kuliko fimbo yoyote nzuri. Unapigwa na Eddy Gordo kwa sababu ya TV, lawama anapewa asiyehusika.

Kwenye mashindano makubwa waya unatakiwa kwa sababu ya kueleweka: vifaa vingi visivyo na waya vikiwashwa ukumbi mmoja vinaingiliana. Sawa. Sebule yako ya Maili Moja ina wachezaji wangapi? Wawili. Na wa tatu anatambaa chini.

3/9
Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya niandike.

Nyumba zetu tunazijua. Chumba na sebule, au chumba kimoja umekigawa kwa pazia. TV iko juu ya meza nyembamba au juu ya stuli, mashine ya gemu pembeni yake. Mchezaji yuko kwenye kochi au kwenye mkeka, na kati yake na TV umepita waya, umening'inia usawa wa kifua cha mtoto anayeanza kusimama. Mtoto wa miezi tisa, kumi, anatafuta kitu cha kushika ili ajivute asimame. Anashika waya. Anavuta.

Kitakachokuja ni mashine. Na mashine ina nyaya zake nyuma zilizofungamana na TV. TV bapa ni nyepesi kuliko zile za zamani za kichogo, lakini ni ndefu na mguu wake ni mwembamba, inapinduka haraka. Ikimwangukia mtoto mchanga, inaangukia kichwa. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kulinganisha na mwili wake na mfupa wake bado mlaini. Sihitaji kuwaelezea zaidi ya hapo.

Na msiseme hili ni hofu ya nesi. Microsoft walipotoa Xbox ya kwanza mwaka 2001, waya wa pedi waliuwekea kiungio kinachochomoka wenyewe ukivutwa kwa nguvu, ili mtu akijikwaa mashine isianguke. Watengenezaji waliijua hatari hii zaidi ya miaka 20 iliyopita. Sisi tunabishana eti waya una raha yake.

Na wewe mwenye pedi ya PS4 ambayo betri yake imechoka, unacheza imechomekwa muda wote: hiyo si wayalesi tena mdogo wangu. Hiyo ni pedi ya waya. Badilisha betri.

4/9
Sasa kina mama. Nyie hoja yenu ni mionzi. "Nesi, hiyo isiyo na waya si inapitisha mionzi kwa mtoto? Na mimi ni mjamzito?"

Nisikilizeni vizuri. Fimbo hizi zinawasiliana kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, jamii ileile ya Wi-Fi na Bluetooth. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama mionzi ya X-ray. Ndiyo maana ukiwa mjamzito tunakuuliza kabla ya kupiga X-ray, ila hakuna anayekuuliza kama umepita karibu na Wi-Fi. Simu yako ikitafuta mtandao inarusha mawimbi yenye nguvu kuliko hiyo fimbo, na simu hiyohiyo unaiweka kwenye sidiria ukiwa unanyonyesha.

Kwa hiyo tunaogopa hewa, halafu waya unaoonekana kwa macho tunauacha chini. Mimi naomba tugeuze hofu zetu zikae mahali pake.

5/9
Mtauliza: kwa nini fimbo, si akae na pedi yake tu?

Akae nayo kama inamtosha na haina waya, sina ugomvi. Ila kuna jambo la mkono. Pedi inatumia dole gumba kuliko kitu kingine. Mama aliyejifungua karibuni anajua maumivu ya upande wa dole gumba, pale kwenye kifundo cha mkono, ukimnyanyua mtoto kwapani unasikia kama moto. Hayo maumivu yana jina, de Quervain, la daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeyaeleza mwaka 1895. Yanatokana na kano za dole gumba kubanwa na kuvimba, na kazi ya kurudiarudia huyachochea. Fimbo inagawa kazi: mkono wa kushoto wote unasukuma, vidole vya kulia vinabonyeza. Dole gumba linapumzika. Haimaanishi ucheze hadi alfajiri. Ukicheza saa nne mfululizo utaumia kwa kifaa chochote.

Tahadhari moja: fimbo ni nzito. Nyingine zinafika kilo mbili au tatu. Ukimaliza, iweke chini kwenye pembe au kabatini. Usiiache ukingoni mwa meza juu ya kichwa cha mtoto.

Na gemu zenyewe si za mtoto mdogo. Mortal Kombat imeandikwa kwenye kasha kwamba ni ya watu wazima. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Baba acheze mtoto akilala.

6/9
Tuje kwenye betri. Ukiondoa waya unaleta betri, na hapa wauzaji hawawaambii kitu.

Fimbo nyingi zina betri ya lithiamu ya ndani, ya kuchaji. Mfano 8BitDo ina betri ya ndani ya aina hiyo na inachajiwa kwa waya wa Type-C, kama simu. Hiyo ndiyo aina ninayoitaka nyumbani kwako, kwa sababu mtoto hawezi kuifungua kwa kucha. Zipo nyingine zinazotumia betri za kubadilisha, AA au AAA. Hizo angalia mlango wake: una skrubu au unafunguka kwa kusukuma tu? Ukifunguka kwa kusukuma, rudisha kabatini kwa muuzaji.

Kuchaji: juu ya sakafu au meza, siyo juu ya godoro wala chini ya mto. Mchomoe mtoto akiwa hajaamka, maana akikuta waya wa chaja tumerudi kulekule kwenye posti ya tatu. Betri ikivimba, boksi likianza kutanuka, acha kuitumia. Usitoboe, usichome na takataka.

Na kile kipokezi kidogo cha kuchomeka ni saizi ya kumpalia mtoto. Kikae kwenye mashine, au kwenye kikasha chake chini ya fimbo kama kipo.

7/9
Sasa tulia usome hii taratibu.

Sebule ya mcheza gemu haiishii kwenye fimbo. Kuna taa za rangi nyuma ya TV na rimoti yake nyembamba. Humo ndani kuna betri bapa ya duara, inang'aa kama sarafu. Wengi tunaiita betri ya saa. Iko kwenye mizani, kwenye kadi za kuimba, kwenye midoli ya kuwaka taa. Inayojulikana zaidi imeandikwa CR2032: upana milimita 20, unene milimita 3.2.

Saizi hiyo inakwama kwenye koo la chakula la mtoto. Ikikwama, mate yanakamilisha njia ya umeme, na pale inapogusa nyama inatengenezwa kemikali kali kama magadi ya kufulia mabomba. Inaunguza. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Hata betri uliyoitoa kwa sababu "imekufa" bado ina umeme wa kutosha kuunguza koo.

Marekani walipitisha sheria ya betri hizi mwaka 2022. Inaitwa Reese's Law, jina la mtoto wa miezi 18 aliyefariki baada ya kumeza betri ya rimoti. Australia viwango vyao vya lazima vilianza Juni mwaka huohuo. Huko wamefika mahali mlango wa betri usiofungika vizuri ni kosa la muuzaji. Huku kwetu mlango wa rimoti umeshapotea siku nyingi na betri imeshikiliwa na selotepu.

Saa mbili, mama. Ukiwa Maneromango, saa mbili zinaweza kuisha ukiwa bado unatafuta usafiri wa kukufikisha penye X-ray.

8/9
Ukihisi mtoto amemeza betri, hata kama hukumwona:

Dalili ni udenda mwingi, kukataa kula, kikohozi cha ghafla, kutapika, kukoroma kifuani, kulia akimeza. Wengine hawaonyeshi kitu mwanzoni.

Usimtapishe. Usimpe ugali au ndizi "isukume". Usisubiri uione chooni.

Nenda hospitali yenye X-ray sasa hivi, na ukifika sema neno lenyewe: BETRI. Usiseme "amemeza kitu". Beba betri nyingine inayofanana au rimoti yenyewe.

Kama mtoto ameshapita mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, isizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali inapunguza kuungua, haitoi betri, na isikucheleweshe kuondoka. Chini ya mwaka mmoja asali hapana.

Ikiwa puani au sikioni, ni haraka ileile. Usimwagie matone yoyote.

9/9
Kwa hiyo unayepanda gari kwenda Kariakoo wikiendi hii, maswali yako dukani ni haya:

Inafanya kazi na mashine yangu? Iliyoandikwa Switch na kompyuta haimaanishi itakubali PS4 wala PS5. Ijaribuni palepale kabla hujatoa hela.

Ina kipokezi chake au Bluetooth tu?

Betri ni ya ndani ya kuchaji? Kama si ya ndani, mlango una skrubu?

Na kwa ambaye hela ya fimbo haipo, na hao ndio wengi, usijisikie vibaya. Kazi ya bure ipo. TV ishushe kwenye meza pana ya chini au ifunge ukutani. Nyaya zipitishe nyuma. Pedi ya waya ikimaliza kutumika ichomolewe iwekwe juu. Rimoti zenye betri bapa zipigwe skrubu au zitoke nyumbani.

Kina baba, siwanyimi gemu. Kijana anayecheza nyumbani kwake jioni, mke wake akimwona na mtoto amelala, hana kesi na mimi. Kesi yangu ni na huo waya, na hiyo betri iliyofungwa kwa selotepu. Angalieni leo kabla mtoto hajaamka.

Mtumie mama yeyote mwenye mtoto anayetambaa.

Nesi wenu.