Mtoto Ananuka Bangi, Mzazi Aende kwa Nani?

Sisi wazazi wa Mbagala, Tandika, Buguruni na Manzese, jijini Dar es Salaam, tumechoka kuhubiriwa. Kila ifikapo Juni 26, siku ya kupiga vita dawa za kulevya duniani, viongozi hupanda jukwaani wakatuambia tukae karibu na watoto wetu, tuzungumze nao, tuwachunguze. Tumesikia. Sasa tuambieni: mzazi akishakaa karibu, akachunguza, akanusa, akawa na shaka, afanye nini kesho yake asubuhi? Amwone nani, ofisi ipi, saa ngapi? Swali hilo tumeliuliza kwenye vikao vya mtaa na vya shule, na majibu yote hurudi palepale: malezi, malezi, malezi.

Malezi yenyewe tunayafanyia wapi? Mtoto wa shule ya kata hutoka nyumbani saa 11 alfajiri ili awahi daladala. Kituoni makonda wanamsukuma kwa sababu nauli yake ni ya mwanafunzi. Gari la kwanza linampita, la pili linampita. Akifika shule geti limeshafungwa na anajua fimbo inamsubiri, kwa hiyo hageuki nyumbani wala haingii ndani, anaishia kijiweni. Mama yake muda huo yuko Ilala sokoni anapanga mafungu ya nyanya, baba yuko kwenye bodaboda au lindo. Wanarudi saa 2 usiku. Saa zote hizo za katikati mtoto yuko mikononi mwa barabara, na barabara inajua kulea kwa namna yake.

Mama mmoja katika kikoba chetu alikuwa anafua begi la mwanawe wa kidato cha pili. Akakuta kiberiti, karatasi za kusokotea, na kichupa kidogo cha dawa ya macho. Anasema kilichomkata maini ni kile kichupa. Kiberiti kijana angeweza kukitolea maneno. Lakini mtoto hajawahi kuumwa macho tangu azaliwe. Bangi hutia macho wekundu, na tone moja au mawili huyarudisha meupe kabla ya mtu kufika mezani. Maana yake ni kwamba mtoto alishapanga, alishanunua, alishajifunza kuficha. Hapo ndipo mengine yote yakamjia kichwani kwa mpigo: pipi za mnanaa mfukoni, manukato ya kujimwagia, kukimbilia bafuni kila akirudi, na ugali wa watu wawili kuisha usiku mtu akiwa peke yake jikoni.

Lakini mtu asitulaumu kwa kutoona. Kijana anayebalehe hulala sana, hununa bila sababu, hufunga mlango, hula kupita kiasi na hubadilisha marafiki hata kama hajawahi kugusa chochote. Kila dalili tunayofundishwa ina maelezo mengine ya kawaida kabisa. Mzazi anabaki na shaka, na shaka hiyo hana wa kumpelekea.

Na vitu vyenyewe havikai mahali pamoja. Shisha ilipigwa marufuku mwaka 2016, pombe za viroba zikafuata Machi 1, 2017, tukashukuru. Leo tunaambiwa kuna skanka, ambayo ni bangi kali kuliko ile tuliyoisikia utotoni. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeshatangaza kukamata biskuti zilizochanganywa na bangi. Hizo hazitoi moshi wala harufu ya msokoto, na mtoto anaweza kuzila mbele yako. Kuna dawa za kikohozi zenye kodeini, kuna vidonge vya tramadoli. Kinachotutia hofu kuliko vyote ni kokteli, msokoto wa bangi uliotiwa unga, yaani heroini, ndani yake. Kijana anaapa kwamba yeye havuti unga, na anaamini anachosema. Siku akiukosa anaamka pua inatiririka, anapiga miayo mfululizo, mifupa inamuuma, tumbo linaendesha. Hiyo ni arosto. Sisi tunajua homa. Tunampeleka kupima malaria, kipimo hakioni kitu, tunapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Jioni kijana anatoka kidogo, anarudi mzima, anacheka na wadogo zake. Mama anamshukuru Mungu kwamba dawa imemkubali.

Siku ukweli ukijulikana, nyumba nyingi hushika mkanda. Baba mmoja mtaani kwetu alimpiga mwanawe usiku, uani, wapangaji wote wakiwa wamesimama milangoni. Kijana alikuwa bado amelewa. Sidhani kama alisikia hata neno moja kati ya yale aliyokuwa akiambiwa. Kulipokucha aliondoka na begi lake, akahamia maskani kulekule alikokuwa anavutia. Kule hakuna aliyemuuliza kitu. Walimsogezea gunia akae.

Wengine tunawapeleka kijijini kwa bibi, tukiamini shamba litawanyoosha. Wakati huohuo tunasikia kwenye taarifa ya habari mashamba ya bangi yakifyekwa Morogoro, Mara na Arusha. Bibi ana miaka zaidi ya 70, anachota maji mwenyewe, na tumemkabidhi mzigo uliotushinda sisi wenye nguvu. Wengine wanakwenda kwa mganga kwa sababu jirani kasema mtoto karogwa. Na wapo wanaokwenda kituoni kuwaomba askari wamlaze ndani siku mbili aogope. Hili la mwisho tunaliogopa kuliko wanavyodhani wanaolifanya. Kwa sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, kukutwa na bangi ni kosa la jinai. Faili likishafunguliwa si lako tena, huwezi kurudi kesho ukasema umemsamehe mwanao. Na atakaolala nao humo ni watu wazima wenye kesi zao.

Shuleni nako ni hivyohivyo. Unaitwa na mwalimu wa nidhamu, unakalishwa kwenye benchi, unaelezwa kwa sauti ya chini kwamba ni heri umhamishe mwenyewe kabla hawajaandika barua. Wanakuona unalia, wanakupa kalamu. Tunaelewa kwamba shule inawalinda wengine waliobaki. Ila jamani, mtoto aliyeanza kuvuta kwa sababu alikosa pa kukaa kati ya saa 1 asubuhi na saa 10 jioni, ukimfukuza unamwongezea nini zaidi ya saa za kukaa kijiweni? Upo Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, unaoruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali warudi darasani. Watu wengi wanaujua kwa ajili ya wasichana waliojifungua, na ni vizuri. Lakini sababu mbalimbali ni nyingi, na wavulana wetu waliopotea kidato cha pili na cha tatu hakuna aliyewaambia kwamba mlango uko wazi kwao pia. Mwalimu wa ushauri na unasihi yupo, tunamheshimu. Ndiye huyohuyo anayefundisha hisabati mikondo yote, na daftari za kusahihisha zimemfika kidevuni.

Tusiwe wachoyo wa shukrani. Februari 2011 Muhimbili walianza kutoa methadoni bure kwa watumiaji wa unga, ikafuata Mwananyamala, ikafuata Temeke, leo ipo pia Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na Zanzibar. Tumewaona kwa macho yetu vijana waliokuwa wanalala kwenye mitaro sasa wanaamka kila asubuhi, wanakwenda dirishani, wanakunywa dozi yao mbele ya muuguzi, kisha wanakwenda kazini. Wadogo zetu wako hai kwa sababu ya lile dirisha.

Lakini methadoni ni ya unga na jamaa zake. Mtoto wa miaka 15 anayevuta bangi mara mbili kwa wiki hana dirisha. Bangi haina methadoni yake. Tiba yake ni kukaa na mtu aliyesomea, wiki baada ya wiki, wakazungumza mpaka ijulikane anakimbia nini na anakimbilia nini. Mtu huyo yuko wapi Mbagala? Zipo soba hausi, nyingi za watu binafsi, zinalipiwa kila mwezi na godoro unakuja nalo. Na humo mtoto aliyeingia na msokoto atalala chumba kimoja na watu wazima waliojidunga sindano kwa miaka. Wanajitahidi kupona, Mungu awasaidie, lakini hadithi zao si za kusimuliwa mtoto wa kidato cha pili kila usiku.

Hilo ndilo tunalolilia. Serikali imejenga kwa ajili ya mwanzo kabisa, yaani mabango na hotuba, na imejenga kwa ajili ya mwisho, yaani methadoni na mahakama. Kati ya harufu ya kwanza na dirisha la methadoni pana miaka mitatu, minne, mitano, na hapo hapana kitu. Watoto wetu wanapotelea hapo, tukiwa tunawaangalia.

Afisa ustawi wa jamii yupo manispaa. Wengi wetu tulijua baada ya mambo kuharibika. Ipo namba 116 ya kupiga bure kwa shida za mtoto. Tumeisikia kwa mama mmoja aliyeisikia redioni. Kwa nini haijaandikwa ukutani shuleni, pale panapobandikwa matokeo? Namba za kuwataja wauza unga tunazijua, zinatangazwa kila siku. Mama mwenye mtoto anayevuta hawezi kupiga simu ambayo anaamini italeta gari la askari mlangoni kwake.

Na hofu hiyo haikujizukia tu. Februari 2017 tulikaa mbele ya televisheni tukasikia majina ya watu waliotuhumiwa yakisomwa hadharani na mkuu wa mkoa. Tangu hapo mji mzima ulijifunza kwamba suala la dawa za kulevya ni suala la kutajwa. Mzazi anaficha. Anamwambia jirani mtoto ana presha ya mtihani. Jirani akijua anakurushia methali, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na anayerushiwa siku zote ni mama. Baba hayumo katika methali hiyo, hata akiwa amekaa palepale anakunywa chai.

Wanawake wa kikoba wameanza kuelekezana wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu hakuna mwingine wa kuwaelekeza. Yule mama wa begi hakusema kitu usiku ule. Alifunga kichupa kwenye ncha ya kanga akakaa nacho mpaka Jumapili asubuhi, mtoto akiwa ameshalala vya kutosha, ameshakunywa chai na hajatoka. Akamwita wachambue mchele pamoja. Katikati ya kuchambua akafungua kanga, akakiweka kile kichupa kwenye ungo juu ya mchele, akasema, “Mwanangu, hiki nimekikuta. Sikupigi. Nieleze.” Akaendelea kutoa mawe. Anasema kimya kilikuwa kirefu mpaka mikono ikamtetemeka, lakini hakukijaza. Mwisho mtoto akasema ilianzia kituoni. Kuna kaka mmoja huwalipia nauli wanaokataliwa na makonda, nauli ya mtu mzima, halafu wakishuka wanakaa naye kidogo.

Mama hakumwapisha kwa msahafu. Alimuuliza anavuta nini, na nani, tangu lini, na kama kuna siku asubuhi huamka mifupa ikimuuma. Hili la mwisho ni muhimu sana na kila mzazi aliulize, kwa sababu jibu likiwa ndiyo, huenda unga umeshaingia, na safari ya hospitali ni siku hiyohiyo, tena daktari aambiwe wazi asije akatibu malaria. Vilevile mtoto akianza kusikia sauti au kuona watu wasiokuwepo, asingojewe. Jibu la mwanawe lilikuwa hapana. Jioni alikwenda kwa mama wa rafiki yake. Hakwenda kugomba, alikwenda kusema “wetu wawili.” Sasa vijana hao wanatoka pamoja, na mama muuza maandazi pale kituoni anawaangalia mpaka wapande. Mtoto amevuta tena baada ya hapo. Alimwambia mama yake mwenyewe. Mama alilia chumbani, akatoka, wakaendelea kuzungumza.

Hii ni kazi ambayo mama asiye na mafunzo yoyote anaifanya akiwa ameamka saa 10 usiku kwenda sokoni. Anahitaji mtu nyuma yake. Hatuombi jengo jipya. Tunaomba afisa ustawi wa jamii akae kwenye ofisi ya kata siku moja kwa wiki, siku inayojulikana, na mzazi aweze kuingia bila faili kufunguliwa polisi. Tunaomba shule isimfukuze mtoto kabla hajaonana na mtu huyo. Tunaomba makonda wasimamiwe alfajiri kama wanavyosimamiwa siku kiongozi akipita.

Barua ya kikao cha wazazi imeshafika. Ajenda ni mchango wa chakula, mlinzi wa usiku, mtihani wa majaribio, na mengineyo. Tulipouliza suala hili litakaa wapi tukaambiwa kwenye mengineyo, mwishoni, muda ukiruhusu. Hatukubali. Tunataka liwe la kwanza, wazazi wakiwa bado wamejaa, akina baba wawepo, na afisa ustawi wa jamii asimame atutajie siku yake, saa yake na chumba chake.